Frateri, Halloween Ni Dhambi?



Somo la kutafakari: Luka 24:36-43

Wapendwa vijana, Oktoba ikifika tu, simu zetu zinaanza kujaa mafuvu. Huyu katuma video ya nyumba huko Marekani, mbele ya mlango wamesimamisha mifupa ya plastiki mirefu kuliko paa la baraza. Yule, kijana wetu wa Muleba aliyeko Dubai kikazi, katuma klipu akiingia Haunted Hotel pale IMG Worlds of Adventure. Anapiga mayowe, simu inamdondoka, halafu anacheka. Na chini ya video lazima atokee mmoja aulize: "Frateri, hii kitu ni dhambi?"

Nijibu kwa utaratibu, maana swali ni zuri kuliko linavyoonekana.

Kwanza, jina lenyewe ni la kwetu. Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Papa Gregori III, katika karne ya 8, aliweka wakfu kikanisa ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro kwa heshima ya watakatifu wote. Karibu na mwisho wa karne ya 10, Abate Odilo wa Cluny, Ufaransa, akawaagiza wamonaki wake wawaombee marehemu wote siku inayofuata, Novemba 2. Desturi za usiku ule wa mkesha zilivuka bahari pamoja na wahamiaji wa Ireland mpaka Marekani, na huko biashara ikazidaka. Mwaka 2023 chama cha wafanyabiashara wa rejareja cha Marekani kilikadiria kuwa watu wangetumia dola bilioni 12.2 kwa ajili ya Halloween. Ile mifupa mirefu ni ya futi 12, Home Depot wanaiuza tangu 2020.

Na hizo nyumba za kutisha kwenye viwanja vya burudani? Maarufu kuliko zote ni Haunted Mansion ya Disneyland, California, iliyofunguliwa Agosti 9, 1969. Wanasema ina mizimu 999, na bado kuna nafasi ya mmoja. Unakaa kwenye kigari, kinakupitisha juu ya ukumbi wa dansi, unaona mizimu inacheza na meza unaziona kupitia miili yao! Siri yake ni kioo. Wanasesere wamefichwa gizani juu yako na chini yako, wanapigwa taa, na sura zao zinaakisiwa kwenye kioo kikubwa kilicho mbele yako. Ujanja huo John Henry Pepper aliuonesha London tangu 1862. Yaani unachokiona mbele yako hakiko mbele yako. Shika hilo, tutalirudia.

Je, ni dhambi? Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba woga unahusu ubaya unaokuja na ulio mgumu kuuepuka. Kwenye kigari, akili inajua hakuna ubaya unaokuja: mkanda umefungwa, mlango wa kutokea upo. Mwili unashtuka, akili imetulia. Ni kama watoto wanaosimuliana hadithi za zimwi jikoni. Mimi simwoni shetani kwenye plastiki. Kanisa linachokataza, Katekisimu namba 2116, ni kuita wafu, kupiga ramli na kutafuta nguvu za giza. Mchezo ukiwa na hayo, hata kwa utani, toka. Ukiwa hauna, cheka na urudi nyumbani.

Lakini tusidanganyane. Kwetu Kagera mambo haya yana uzito ambao California hayana. Nitataja mawili.

La kwanza ni mchawi. Katika mapambo yale mchawi ni bibi kizee mwenye ufagio. Huko wanacheka kwa sababu kesho yake hakuna atakayekwenda na panga kwa bibi huyo. Sisi tunaishi Kanda ya Ziwa. Katika kanda yetu wapo wanawake wazee waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo ni wa moshi wa kuni walizowapikia watoto na wajukuu. Kwa hiyo kabla hujavaa sura ya bibi mchawi ili upate picha ya kupost, jiulize ni bibi yupi wa mtaa wenu atakayecheka pamoja nawe.

La pili ni makaburi. Wenzetu wananunua makaburi bandia wayapange mbele ya nyumba. Sisi tunayo ya kweli, yako kibanjani. Kaburi la babu liko hatua chache kutoka mlangoni, katikati ya migomba, na unalipita ukienda kukata ndizi za mchana. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa katika mkoa wetu. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kinauzwa enzi hizo, na wapo waliosema ni uchawi. Katika vibanja vingi makaburi yakaongezeka: baba, mama, shangazi, wajomba, na bibi akabaki na wajukuu. Kisha Mei 21, 1996, MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza. Baadhi ya marehemu wamezikwa kule Igoma, wengine ziwa halikuwarudisha. Zipo familia za Bukoba na Muleba ambazo hazina hata kaburi la kufagia.

Sasa niulize na mimi. Mbona tunaweza kucheka na mifupa ya plastiki, lakini saa moja usiku tukipita kaburi la shangazi tunakimbia? Mbona tukimwota marehemu, kabla ya kupiga goti tunaulizana mganga yupi ni mkali?

Kumbuka kile kioo. Mara nyingi mzimu tunaodhani umesimama kwenye migomba ni mwakisiko wa kitu kilichofichwa upande wetu: deni la marehemu ambalo hatukulipa, mjane tuliyemnyang'anya kibanja, ugomvi ambao hatukuumaliza kabla hajafa, kilio ambacho hatukukilia. Mganga atakuuzia dawa ya kile unachokiona kwenye kioo, na kilichofichwa kitabaki palepale.

Sasa soma Luka 24. Mitume wamejaa hofu, Yesu anasimama katikati yao, nao wanadhani wanaona mzimu. Angalia anavyowatibu. Anawaonesha mikono na miguu. Halafu anaomba chakula! Wanampa kipande cha samaki wa kuokwa, anakula mbele yao. Sisi watu wa sato na sangara tungepaswa kuielewa Injili hii kuliko wengi. Mzimu hauli samaki. Aliyeshinda kifo ana mwili, ana makovu, ana njaa, anakaa mezani na rafiki zake. Waraka kwa Waebrania (2:14-15) unasema alikuja kuwafungua wale ambao hofu ya mauti iliwafanya watumwa maisha yao yote. Kwa hiyo marehemu wetu hawazururi kibanjani wakidai. Wako mikononi mwa Mungu, na walioko toharani wanahitaji sala zetu.

Basi mwaka huu tufanye hivi:

1. Kuanzia Novemba 1 hadi 8, tembelea makaburi na uwaombee marehemu. Kanisa linatoa rehema kamili kwa ajili yao, kwa masharti ya kawaida: Kitubio, Komunyo, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu na kuachana na kila dhambi. Ukiwa Bukoba mjini, pita Kanisa Kuu ulisali kaburi la Kardinali Rugambwa, aliyehamishiwa humo Oktoba 2012.

2. Fagia makaburi ya kibanjani, na wadogo zako wawepo. Wasimulie shangazi alikuwa nani, alipenda nini.

3. Kama familia ina deni la marehemu au kesi ya mjane, wewe kijana anzisha mazungumzo. Kwa heshima, lakini anzisha.

4. Mtembelee bibi mmoja anayeishi peke yake. Mpelekee sukari, kaa naye jikoni, na moshi uyafikie macho yako pia.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyekula samaki mbele ya rafiki zako waliokuwa na hofu, utuondolee utumwa wa kuogopa wafu wetu. Utupe ujasiri wa kulipa madeni yetu na kuwalinda bibi zetu. Raha ya milele uwape marehemu wetu, wa kibanjani, wa Igoma na wa ziwani. Amina.