Gari la Asili na Gari Halisi

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Na wahenga haohao, bila ya kuona haya, walisema pia kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Baina ya kauli hizi mbili hukaa mtu yeyote aliyerithi kitu cha zamani ambacho bado kinafanya kazi: nyumba ya mawe, jahazi, sanduku la njumu, au gari. Nyumba na majahazi vimeandikiwa mengi. Gari limeandikiwa machache, labda kwa kuwa huhisabiwa kuwa chombo cha bati na mafuta kisichostahiki fikra. Lakini suala linalomkabili mwenye gari la zamani, alihifadhi kama lilivyotoka kiwandani au alibadilishe lifae kwa leo, ni suala la maadili kabla ya kuwa suala la fundi. Na iliwahi kutokea kwamba mahakama ya Uingereza ikalazimika kulitolea hukumu.

Kesi hiyo ilikuwa ya mwaka 1990. Gari lililogombaniwa ni Bentley moja ijulikanayo kwa jina la Old Number One, iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwaka 1929 na tena mwaka 1930. Baada ya ushindi huo gari halikupumzishwa. Lilibadilishwa fremu, likabadilishwa injini, na mwaka 1932, likiwa na injini ya lita nane, liliruka ukingo wa njia ya mbio ya Brooklands na dereva wake, Clive Dunfee, akafariki. Likaundwa upya, safari hii kwa umbo la gari la barabarani. Miaka karibu sitini baadaye mwenye nalo alipatana na kampuni moja kuliuza kwa paundi milioni 10, na mnunuzi akarudi nyuma akidai kwamba alichouziwa sicho alichoambiwa.

Jaji Otton alisikiliza wataalamu wakihisabu vipande. Katika gari la 1929 hakikupatikana takriban chochote cha kutegemewa. Katika gari la 1930 vilibaki vitu vitatu: mhimili wa pedali, ganda la giaboksi na nguzo ya usukani. Hata hivyo jaji alihukumu kwamba gari ni lilelile. Halikupata kufa siku hata moja likafufuliwa. Kila badiliko lilifanywa juu ya gari lililokuwa hai, na hapakuwa na gari jengine duniani lililoweza kudai jina lile. Kuliita la asili, kwa maana ya vipande vyake, kusingewezekana. Lakini lilikuwa halisi.

Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno yote mawili, na ni vyema yasichanganywe. Asili ni shina, mahali kitu kilipochipuka. Halisi, kwa jinsi Waswahili wanavyolitumia neno hili, ni kitu kisichodanganya juu ya nafsi yake. Mtu huweza kuwa Mpate halisi naye amezaliwa Mombasa. Na kitu huweza kuwa na kila kipande cha asili kikawa bado ni uongo, kama itakavyoonekana.

Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia kwamba watu wa Athens walikihifadhi chombo cha shujaa wao Theseus kwa muda mrefu, wakitoa mbao zilizooza na kutia mbao mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakasema chombo ni kilekile, wengine wakakana. Fumbo hili likisomwa mbele ya fundi wa majahazi huenda asilione kuwa ni fumbo. Kwake yeye ubao ukioza hutolewa, taruma likivunjika hutiwa jengine, chombo hupandishwa pwani kikakalafatiwa na kupakwa deheni, kisha kikarudi majini na jina lake. Hakuna abiria anayemuuliza nahodha kama amepanda chombo kilekile cha mwaka juzi. Anachouliza ni kama kitafika.

Hapo ndipo penye fundo. Jahazi hubadilishwa mbao ili liendelee na safari. Kile chombo cha Athens kilibadilishwa mbao ili kiendelee kukumbukwa. Gari la zamani limeshikwa na haki zote mbili. Ni kipando, na kipando kisichokwenda ni nusu ya kitu. Na ni shahidi wa mikono iliyoliunda, na shahidi akibadilishwa ulimi ushahidi wake umekwisha.

Tuseme nini cha ushahidi huo? Upo katika mambo ambayo jicho la mpita njia haliyaoni: alama za nyundo ndani ya bati la bawa, mshono wa kiti, mpangilio wa tabaka za rangi, aina ya skrubu. Vitu hivi huweza kufutwa kwa asubuhi moja ya msasa, wala hakuna fedha ya kuvirudisha. Mwaka 2009 wapiga mbizi waliliopoa katika Ziwa Maggiore, upande wa Uswisi, gari aina ya Bugatti Brescia la mwaka 1925 lililokuwa limelala chini ya maji kwa miongo mingi. Ubavu mmoja ulikuwa umeliwa na kutu hata ukawa kama jani lililotobolewa na dudu. Mwaka uliofuata lilinadiwa Paris kwa zaidi ya Yuro 260,000, na Mmarekani aliyelinunua, Peter Mullin, tajiri aliyekuwa na uwezo wa kuliunda upya mara kumi, akaliweka katika makumbusho yake na kutu yake. Alifanya vyema. Lingeundwa upya lingekuwa Bugatti moja zaidi. Likiwa na kutu lilikuwa gari pekee lenye kusimulia habari ya ziwa.

Si wengi waliokuwa na subira hiyo. Kwa miongo kadhaa mashindano ya magari ya fahari huko Ulaya na Marekani yaliwatuza waliofanya kinyume chake: gari lilivuliwa hata likabaki mifupa, likapakwa rangi inayong'aa kuliko rangi yoyote iliyojulikana lilipozaliwa, likashonewa ngozi bora kuliko ile liliyopewa na kiwanda. Na watu wakaliita gari lililorejeshwa katika asili yake. Lilirejeshwa wapi? Halikupata kuwa hivyo hata siku moja. Fremu huenda ikawa ileile, injini ileile, na namba zote zikalingana na daftari la kiwanda, lakini miaka yake imefutwa mwilini mwake. Huu ndio ule uongo uliotajwa juu, na ni uongo wa gharama kubwa.

Pebble Beach, California, mashindano yaliyokuwa mbele katika mtindo huo, yalianzisha mwaka 2001 daraja la magari yasiyorekebishwa; na Agosti 2024, kwa mara ya kwanza, zawadi kuu ilikwenda kwa gari la daraja hilo, Bugatti Type 59 la mwaka 1934, lenye rangi iliyopasuka na kubanduka. Waliopenda asili walishangilia. Lakini historia ya gari lenyewe iangaliwe. Lilizaliwa gari la mbio, likashinda mbio kuu za Ubelgiji mwaka 1934. Kiwanda kikaligeuza bodi likawa gari la michezo. Kisha Mfalme Leopold III wa Ubelgiji akalinunua, likapakwa rangi nyeusi yenye mstari wa manjano, na hiyo ndiyo rangi iliyobanduka na kusifiwa. Gari lililotuzwa kwa kutobadilishwa lilikuwa limebadilishwa mara mbili. Majaji hawakulituza shina, walilituza umri. Hata Mkataba wa Turin, uliopitishwa mwaka 2012 na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, unakubali kwamba mabadiliko yaliyofanywa gari lilipokuwa bado katika maisha yake ya kazi ni sehemu ya historia yake. Na kwa kipande kipya kinachotiwa leo, mkataba unataka kiwekwe alama, ili asije mtu akadhani ni cha zamani.

Wapenda mashairi wanaijua kanuni hii kwa njia nyengine. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yaliwafikia wasomaji wa leo kwa sababu Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyakusanya pamoja na maelezo yake, kabla ya Hichens kuyachapisha mwaka 1940. Mhariri akikutana na neno lililokufa ana njia mbili. Aliache mahali pake aandike maana pembeni, au alitoe atie neno linalofahamika. Njia ya pili ni rahisi, na mara nyingi mizani haivunjiki wala vina haviharibiki, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa msomaji hatajua kamwe kwamba ameibiwa. Mwimbaji aliye mbele ya watu ana ruhusa ambayo mhariri hana. Yeye hubadilisha ili shairi lisikike usiku ule, na muswada umebaki salama ndani ya sanduku. Tabu ya gari ni kwamba muswada na mwimbaji ni kitu kimoja.

Yapo mabadiliko ambayo hayapaswi hata kujadiliwa. Magari mengi ya miaka ya 1950 yalikuwa na breki za bomba moja: mpira mmoja ukipasuka, matairi yote manne hayana breki. Hayakuwa na mikanda. Mkanda wa ncha tatu ulianza kutiwa na Volvo mwaka 1959. Mwenye gari akitaka kuihatarisha roho yake kwa ajili ya asili, hiyo ni baina yake na Mola wake. Lakini mtoto aliye kiti cha nyuma hakuulizwa, wala yule anayevuka njia na kapu lake la samaki. Yeyote anayetetea breki mbovu kwa jina la historia atafute gari la kuweka barazani.

Na ulimwengu nao hubadilika bila ya kumsubiri mtu. Injini nyingi za zamani ziliundwa kwa petroli yenye risasi, ambayo ilikuwa ikizilinda vali zake. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha mwanzoni mwa 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Mwenye gari anayeapa kwamba hatagusa kitu ataona vali zikilika taratibu kwa mafuta ambayo mhandisi wake hakuyajua.

Mwaka 2018 ilionekana Jaguar E-Type iliyong'olewa injini na kutiwa betri na mota ya umeme, ikiwachukua Prince Harry na mkewe jioni ya harusi yao. FIVA ilikataa kwamba gari lililogeuzwa hivyo liendelee kuitwa la kihistoria. Kampuni ya Jaguar ilikuwa na jawabu: betri zimekaa mahali pa injini, kwa uzito uliokaribiana, na mwenye gari akitaka huweza kurejesha injini yake. Jawabu hili lina uzito kuliko walivyokiri wapinzani wake, maana aliyeacha njia ya kurudi hajavunja nyumba, amehama tu. Hata hivyo linabaki swali la ukaidi: gari lile lilikuwa na shida gani? Lilibadilishwa kwa sababu iliwezekana, na kwa sababu lilipendeza.

Havana hali ni nyengine kabisa. Marekani iliifungia Kuba biashara mwaka 1962, na vipuri vya Chevrolet, Buick na Ford vikakoma kuja. Magari yaliyokuwa kisiwani yakabaki, na kwa nusu karne, mpaka sheria ilipolegezwa mwaka 2011, takriban ni hayo tu, yaliyokuwepo kabla ya mapinduzi ya 1959, ambayo raia aliweza kuyanunua na kuyauza kwa hiari yake. Mafundi wakatia injini za Lada na Volga kutoka Urusi ya Kisovieti, baadaye injini za dizeli za Japani na Korea. Kipande kisichopatikana kilichongwa. Magari hayo, yanayoitwa huko almendrones, hupita njia maalumu na kuchukua abiria hata yakajaa, kama daladala. Mkaazi yeyote wa Unguja, aliyeona bodi la mbao likifungwa juu ya lori lililoletwa kwa kazi nyengine, angelijua gari la namna hiyo kabla hajaliona.

Mtalii hulipiga picha almendrón na kusema limehifadhiwa. Mkusanyaji wa magari hufungua boneti, akaona injini ya Lada, akasema limeharibiwa. Wote wawili wamekosea, na kosa la mkusanyaji ni kubwa zaidi kwa sababu anajua kusoma. Kila kigango kilichochomelewa hapo kilichomelewa na mtu aliyetaka gari liondoke alfajiri lilete unga nyumbani. Badiliko la haja halijifichi wala halidai kuwa lilitoka Detroit. Kwa hukumu ya yule jaji wa London, magari haya ni halisi kuliko mengi yaliyokaa kwenye mazulia, kwa kuwa hayakupata kusimama.

Siku vipuri vitakapofika Havana kwa wepesi, atatokea mwenye fedha atakayemwambia fundi aitoe injini ya Lada, atie ile iliyokuja na gari mwaka 1957, apake rangi ya kwenye daftari la kiwanda. Hapatakuwa na wa kumkataza, gari litakuwa lake. Fundi ataweka chini, mmoja baada ya mmoja, vigango alivyochonga babake kuishikilia injini ambayo haikuumbiwa mahali pale, na atasubiri kuambiwa avipeleke wapi.