Chomeka Waya, Upige!

Amplifaya yako ya gitaa imefika, iko juu ya stuli, na boksi lake bado limekalia kochi. Kabla hujachomeka chochote, igeuze usome kibandiko cha nyuma. Iliyotengenezwa kwa soko la Marekani huandikwa volti 120, na mtumba wa Japani huandikwa 100. Umeme wetu huku ni 230 kwenda juu, na hauna huruma na mgeni. Ukiona 230, endelea. Ukiona pungufu, tafuta transfoma kwanza, hata kama mikono inawasha.

Sasa washa. Hapa ndipo nataka nikushike mkono, mdogo wangu, maana najua unachokitamani. Unataka kuzungusha ile nobu ya kuchagulia sauti za kiwandani upite moja baada ya nyingine: hii ya roki, hii ya bluzi, hii inalia kama filamu ya kutisha. Usiku wa leo utaisha hivyo, wa kesho hivyo hivyo, na mwezi ukiandama utakuwa unazijua sauti zote za kiwandani bila kumaliza wimbo hata mmoja. Acha! Hujanunua redio.

Jua kwanza unamiliki nini. Ndani ya kisanduku hicho mna kompyuta ndogo. Inapokea mtetemo wa nyuzi, inaugeuza kuwa tarakimu, inakokotoa jinsi amplifaya fulani ya valvu ingeuchukua, kisha inaurudisha kwenye spika kabla sikio halijahisi kucheleweshwa. Roland walitoa kifaa chao cha namna hii, VG-8, mwaka 1995, Line 6 wakafuata na AxSys mwaka 1996 na POD mwaka 1998. Wazee wa valvu waliguna sana wakati huo. Lakini amplifaya zenyewe za valvu, kama Fender Twin au Vox AC30, zina tabia moja: utamu wao kamili hauji mpaka uzifungulie kwelikweli, na ukizifungulia kwelikweli kwenye chumba cha kupanga, mwenye nyumba atakuletea notisi. Yako inaweza kushushwa nguvu. Boss Katana ya wati 50, kwa mfano, ina swichi ya kuiteremsha hadi nusu wati. Mtoto akilala, chomeka hedifoni.

Na sasa sikia hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Katika enzi za muziki wa dansi, vyombo vilikuwa mali ya bendi, na bendi ilikuwa na mwenyewe. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi. Mwanamuziki akihama bendi, gitaa na amplifaya vinabaki. Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alikwenda na bendi ya Morogoro Jazz mpaka kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, na miaka mitatu baadaye akatoka kwenda kuanzisha bendi yake, Super Volcano. Kuanzisha bendi wakati ule maana yake ilikuwa kutafuta vyombo kabla ya kutafuta wapigaji. Wewe una chombo chumbani kwako, saa nne ya usiku, hakuna wa kumwomba ruhusa. Halafu unataka kukitumia kuchezea nobu?

Haya, kaa. Chagua sauti safi, ile isiyokwaruza. Besi, midi na trebo, elekeza zote saa sita. Mwangwi zima kabisa. Kiwanda hujaza mwangwi kwenye sauti zake ili zipendeze dukani, nao hufunika makosa ya vidole; kiwanda kinauza, hakipigi na bendi yako. Sasa piga rithim ya wimbo wowote wa dansi unaoujua, polepole, na usikilize kila uzi. Utasikia uzi wa tatu umezibwa na kidole cha jirani yake. Utasikia mkono wa kulia unakimbia mahali ambapo mkono wa kushoto bado unatafuta. Inauma, najua. Rudia.

Ikishatulia, peleka kidole kidogo cha mkono wa kulia kwenye nobu ya volumu ya gitaa lenyewe, si ya amplifaya. Irudishe hadi saba. Sauti inapungua ukali, inakaa nyuma ya mwimbaji. Ipandishe hadi kumi pale sebene linapofunguka. Hapo umepata sauti mbili kwa kidole kimoja, bila kugusa programu yoyote kwenye simu. Baada ya hapo ndipo uongeze mwangwi, kidogo tu.

Jambo moja la kukukinga na aibu: usiiamini besi uliyoipanga usiku kwa sauti ya chini. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sikio hupoteza besi na trebo sauti inaposhuka. Ndiyo maana sauti iliyokuwa nzito na tamu kitandani hugeuka tope ukumbini, na mpiga besi anakuangalia kwa jicho baya. Ukipata mchana ambao majirani wako kazini, ifungulie, punguza besi, ongeza midi, kisha hifadhi.

Hifadhi hiyo moja. Rekodi dakika mbili kwa simu, mtumie mwenzako anayepiga rithim, mpe nafasi akucheke kama kuna la kuchekesha. Kesho rudi kwenye sauti ile ile, wimbo ule ule, kasi ikipanda kidogo. Siku ya mazoezi ikifika, ibebe amplifaya yako mwenyewe mpaka pale, chomeka waya, mwambie mpiga dramu ahesabu nne.