Bakora ya Kichwa cha Fedha

Katika karne ya 19 huko Uingereza, bwana wa tabaka la juu alipotoka nyumbani alishika bakora. Haikuwa kwa sababu ya uzee wala maradhi. Vijana wenye miguu mizima walizibeba. Kishikio kilifinyangwa kwa madini ya fedha, sura ya kichwa cha mbwa wa kuwinda, farasi au bata. Zilizopimwa London ziligongwa mhuri wa kichwa cha chui. Leo zinauzwa minadani kama vitu vya kale, na wanaozikusanya huzifungia kwenye makabati ya vioo.

Je, kuna ubaya gani? Mtume (s.a.w.) amekataza kunywea vyombo vya dhahabu na fedha, na wanazuoni wengi wamekataza sanamu za viumbe wenye roho. Lakini Mtume (s.a.w.) huyo huyo alivaa pete ya fedha. Hukumu ya kishikio tuwaachie mafaqihi. Sisi tuulize: bakora ile ilikuwa na kazi gani?

Mwanauchumi wa Marekani, Thorstein Veblen, alilijibu swali hili katika kitabu chake cha mwaka 1899. Alieleza kuwa bakora hutangaza kwamba mikono ya mwenyewe haishughuliki na kazi yenye manufaa. Yaani, bwana yule alikuwa akimwambia mchukuzi na mchimba makaa: mimi si mwenzenu.

Sasa mtazame Nabii Musa (a.s.). Katika Surat Taha, Allah (s.w.) alimuuliza ni kitu gani kilicho katika mkono wake wa kulia. Akajibu kuwa ni fimbo yake, anaiegemea, anawaangushia majani wanyama wake, na ina matumizi mengine. Hakutaja thamani yake, alitaja kazi zake. Na kwa fimbo hiyo ya mchungaji, Firauni na utajiri wake wote alifedheheka.

Wapo watakaosema kuwa Allah ni Mzuri na anapenda uzuri. Ni kweli, na Hadithi hiyo ni sahihi. Lakini tuisome hadi mwisho: kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi kipimo tunacho. Mzee anayeegemea bakora nzuri aliyorithi kwa baba yake, uzuri wake haumtii hatiani. Lakini anayeinunua ili watu wajione wadogo mbele yake, huku jirani yake kipofu anapapasa njia kwa ufito, ana la kujibu. Kipimo ni hicho hicho kwa gari, saa na simu zetu.

Nabii Sulayman (a.s.), pamoja na ufalme wake wote, alifariki akiwa ameegemea fimbo. Mdudu wa ardhi akaila, naye akaanguka. Ndugu msomaji, mchwa hawali fedha, lakini wanakula mti unaoibeba.

Wallahu a'lam.