Neno Muungwana

Neno la Kiingereza "gentle" siku hizi humaanisha mpole. Lakini asili yake ni Kilatini "gentilis", mtu wa ukoo mmoja, na Wafaransa wa kale wakamwita hivyo aliyezaliwa katika nyumba ya heshima. Nasaba ilitangulia, upole ukafuata. Neno letu muungwana lina historia nzito zaidi, kwani kinyume chake hakikuwa mtu mkali, bali mtumwa. Amri ya 1897 iliiondoa hali ya utumwa Unguja na Pemba (masuria wakangoja mpaka 1909), wala haikuligusa neno. Leo, katika mtaa wa Mpendae, mwenye duka amwitaye mtoto aliyesahau chenji yake husifiwa kuwa muungwana, na hapana aulizaye babu yake alikuwa nani.

Wako wasemao ya kuwa neno lenye doa hili yafaa liachwe. Mimi sioni hivyo. Watu wasemapo uungwana ni vitendo, humpokonya mwenye nasaba kitu alichokidhania kuwa chake peke yake. Ila ikija posa, swali la ukoo bado huulizwa, tena kwa sauti ya chini.