Kumziba Mlinzi Mdomo

Je, inajuzu kumziba mdomo mlinzi anayepiga yowe usiku kucha na mwizi hayupo? Usiniharakishe kujibu, ndugu msomaji. Swali hili sikulitoa kitabuni wala kwenye mhadhara. Limetoka ndani ya laptopu, tena laptopu kuukuu ambayo herufi A na N zimefutika kwenye kibodi kwa kuchapwa.

Mwenye laptopu ni dada mmoja mwenye steshenari ndogo Kisarawe mjini. Kazi zake mnazijua: kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia vijana maombi ya ajira mtandaoni hadi dakika ya mwisho. Mashine ikawa inajikokota. Unabonyeza herufi, unakwenda kununua muhogo wa kukaanga, ukirudi ndiyo kwanza herufi inatokeza. (Natia chumvi, lakini si nyingi.) Feni nayo inavuma kama mashine ya kusaga. Wateja wakaanza kuhamia duka la pili. Mimi safari za Kibaha haziniishi, basi nikakabidhiwa mfuko. Gongo la Mboto, Mbezi, Maili Moja, laptopu mapajani kama mtoto mgonjwa.

Fundi wa Maili Moja ni kijana asiye na maneno mengi. Wenzake wengi wangekurupuka: ongeza RAM, piga windo upya, lete hela. Yeye alianza na vumbi. Akatoa kwenye feni donge lililoshikana kama pamba ya godoro, akafuta pesti iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Bado inajikokota. Akafungua programu ya kusoma hali ya prosesa: joto nyuzi 52. Hilo si joto la kutisha, maana prosesa ya aina ile hujihami ikikaribia nyuzi 100. Lakini mwendo ulikuwa gigahezi 0.8, na umeganda hapo hapo. Akabadili chaja, kwa kuwa zipo laptopu ambazo zisipoitambua chaja hujipunguzia mwendo zenyewe. Wapi. Akachomoa betri. Wapi. Mwisho akaiacha imezimwa hadi kesho yake asubuhi. Ikawashwa ikiwa baridi kama sufuria ya jana, na sekunde ile ile ya kwanza ikadai inaungua.

"Hii sensa inaongopa, kaka," akasema. "Nimzime?"

Nimzime! Alisema hivyo hivyo, kama anayemtaja mtu.

Hapa inanibidi nieleze mambo ya ndani kidogo. Prosesa ina sensa zake za joto tumboni. Ikizidiwa hupunguza mwendo ili isife. Zamani si zote zilizokuwa na adabu hiyo. Mwaka 2001 Tom's Hardware walirekodi video ya kuondoa vipozeo juu ya prosesa zikiwa kazini: Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea, Athlon ikaungua pale pale. Lakini mbali na sensa za tumboni, upo uzi mwingine unaotoka nje. Kwa uzi huo sehemu nyingine za madabodi, mathalani zile zinazogawa umeme, huweza kuiambia prosesa: punguza, huku kwetu kunawaka. Prosesa haiulizi nani kasema, wala haidai shahidi wa pili. Inatii. Sensa moja ikiharibika huko nje, basi prosesa nzima na salama itatembea kwa magoti maisha yake yote.

Na dawa ya haraka ipo. Programu ndogo, kisanduku kimoja, unaondoa tiki, prosesa inaacha kusikiliza ule uzi. Fundi alinionyesha. Gigahezi 0.8 ikaruka hadi 2.4, mashine ikawa kijana tena. Akarudisha tiki, ikalala. Akanitazama.

Tukampigia simu dada. "Zimeni bwana, mimi nina foleni hapa!"

Kwa upande mmoja, dada ana haki kabisa. Kengele inayolia saa zote haitoi habari yoyote. Haitofautishi mchana na usiku, moto na majivu. Na utii kwa shahidi mmoja mwongo si jambo la mzaha. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines ilipaa kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikaanguka baada ya dakika sita. Watu 157 walikufa, na kati yao Wakenya 32. Sensa moja tu, ya upande wa kushoto, ilidai pua ya ndege imeinuka mno. Sensa ya pili ilikuwepo kulia, inasema kweli, lakini mfumo wa kompyuta ulikuwa umeundwa usikilize moja. Ukaamini, ukaisukuma pua chini, marubani wakivuta juu, nao ukisukuma tena. Baada ya msiba ndipo mfumo ukarekebishwa ulinganishe sensa zote mbili. Nikiwaza watu wale, simwonei huruma shahidi mwongo hata chembe.

Lakini fundi alipotaka kuondoa tiki nilimshika mkono. Nilimwuliza: ule uzi ni wa nani?

Hapo ndipo penye kiini, kwa maoni yangu. Tukizima uzi wa nje, prosesa haipotezi kitu. Sensa zake za tumboni zinabaki, ikichemka itajihami kama kawaida. Wanaopoteza ni wale wadogo waliouzunguka ubao, wagawa umeme na wenzao, ambao njia yao ya kulalamika ilikuwa ule uzi. Mmoja wao ameropoka, na sisi tunawafunga midomo wote. Mwenye nguvu analindwa, anaongezewa na mwendo juu. Wanyonge wanaambiwa wafanye kazi mara tatu ya jana, na wakiungua waungue kimyakimya. Sijui kama mafundi hulitazama hivi. Mimi nimekulia nyumba ya kupanga, najua jinsi chumba kimoja chenye fujo kinavyowafungia wapangaji wote geti saa mbili.

Fundi alicheka. "Kaka, huu ni ubao, si bunge." Halafu akafikiri. Akachukua mita yake yenye waya wa kupimia joto, akaondoa tiki, akaichapisha mashine kazi nzito nusu saa, huku akipima sehemu moja baada ya nyingine. Zilipata moto, hazikuvuka kiasi. Nadhani alifanya jambo la haki pale: kabla ya kumfukuza mlinzi, alikaa lindo mwenyewe. Huko Ghuba ya Mexico, mwaka 2010, mtambo wa mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka wakafa watu 11. Fundi mkuu wa elektroniki aliyenusurika alitoa ushahidi kwamba kengele kuu ilikuwa imezuiwa isilie yenyewe, ili watu wasiamshwe usiku bure. Usingizi walipata. Lindo halikuchukuliwa na mtu.

Kwa hiyo tukazima. Na hapo nilidhani tumemaliza, kumbe bado. Dada ana mpango wa kuiuza mashine mwakani kwa mwanafunzi wa chuo, apate kianzio cha nyingine. Mimi nikaandika karatasi, nikaibandika chini ya laptopu kwa selotepu: "Ulinzi wa joto wa nje umezimwa. Usiiweke juu ya kitanda wala mto. Safisha feni mara kwa mara. Ikitoa harufu ya kuungua, zima, chomoa."

Dada ameikataa karatasi. Anasema inamharibia soko, na mashine inafanya kazi, sasa kinachofichwa ni nini? Fundi yuko upande wake: mteja akisoma "umezimwa", anakimbia. Mimi nawajibu kwa mfano wa ndege zile zile. Ya kwanza kuanguka ilikuwa ya Lion Air, Indonesia, Oktoba 2018, watu 189. Ule mfumo wa kusukuma pua haukuwamo katika vitabu walivyopewa marubani. Mashine ilikuwa na tabia ambayo aliyeishika hakuambiwa. Laptopu si ndege, najua. Lakini yule mwanafunzi ataiwasha usiku juu ya godoro, chumba kina watu wanne, na lindo tulilokaa sisi Maili Moja lilikuwa la nusu saa.

Dada naye ana swali lake, na si swali la kijinga. Aliinunua mtumba, hakuambiwa neno. "Aliyeniuzia alibandika karatasi?" Hakubandika. Ndiyo maana alihangaika miezi mitatu na nusura afunge duka. Nimemwambia tukae tuipange bei upya, tuone zile sentensi nne zinapunguza elfu ngapi, na mimi nichangie. Anasema nitaje kwanza nachangia kiasi gani.