Ushuhuda, Mgongo na Pesa ya Shamba

Somo: Luka 13:10–17; 2 Wafalme 5

Katika ibada ya Jumatano liliulizwa swali ambalo dakika za mwisho hazikutosha kulijibu, ikaonekana liandikwe hapa. Ndugu mmoja wa kwetu amekata mawe timboni tangu ujana. Sasa mgongo umekataa, hata kuinama ainue ndoo hawezi. Jamaa yake amemtumia kwa WhatsApp tangazo la kliniki ya nje ya nchi, linalosema diski zake zilizochakaa zitadungwa seli shina na zitaota upya kama za kijana. Ili asafiri itabidi auze kipande cha shamba, na kanisa limalizie kwa harambee. Swali lilikuwa hili: tukichanga, ni imani? Na tukikataa, ni roho ngumu?

Mmoja alisema sindano hizo ni kazi ya shetani. Mwingine akasema daktari yeyote ni mkono wa Mungu. Tusiende mbio. Mtu anayekaribia kuuza shamba anastahili kujibiwa na watu waliojisumbua kujua.

Diski ni ule mto mdogo unaokaa kati ya pingili moja ya uti wa mgongo na nyingine. Kwa nje ni duara gumu lenye nyuzi, kama tairi. Ndani kuna ute mzito wenye maji mengi. Umri ukisonga, na mizigo pia, maji hupungua na diski hubonyea. Wakati mwingine lile duara hupasuka, ute ukajitokeza na kugusa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Ndiyo maana mtu analia mguu unawaka moto, kumbe shida iko kiunoni. Na ndani ya diski ya mtu mzima karibu hakuna mishipa ya damu. Chakula chake hupenya polepole kutoka mifupa ya juu na chini yake. Kidole kilichokatwa na panga hufunga baada ya siku chache, lakini diski iliyochakaa hairudi hivihivi.

Seli shina ni chembe hai ambazo bado hazijafungwa kwa kazi moja. Zinaweza kujigawa na kuzaa chembe za kazi mbalimbali. Unazo saa hii ndani ya uboho wa mifupa yako, zinakutengenezea damu. Tiba yake si hadithi wala uchawi. Katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, watoto wenye selimundu walianza kupandikizwa uboho mwaka 2023, na ugonjwa huo sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa. Seli za ndugu zikishika, mtoto anaanza kutengeneza damu nzuri.

Dada mmoja aliuliza kama seli hizi zinatolewa kwenye mimba. Ni swali la haki. Mwaka 1998 wanasayansi wa Marekani walizipata kutoka viinitete vya binadamu, na Wakristo wengi walipinga kwa sababu kiinitete huharibiwa. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani akaonyesha kwamba seli ya kawaida ya panya inaweza kurudishwa ikawa kama ya kiinitete, na mwaka 2012 akapewa Tuzo ya Nobel. Zile zinazojaribiwa kwenye diski kwa sehemu kubwa hutoka kwenye uboho au mafuta ya mtu mzima. Kwa hiyo ndugu yetu aulize zake zinatoka wapi, lakini kikwazo changu hakiko hapo.

Kikwazo kiko kwenye neno "zitaota". Jaribio kubwa lililotangaza matokeo mwaka 2021 lilikuwa na wagonjwa 404. Baadhi walidungwa seli, wengine maji ya chumvi, na mgonjwa hakuambiwa amepata nini. Kwa kipimo kikuu kilichowekwa mwanzoni, seli hazikuyashinda maji ya chumvi. Dalili za kupunguza maumivu zilionekana, ndiyo maana watafiti hawajakata tamaa na jaribio jingine limefuata. Hadi ninapoandika haya, mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha sindano yoyote ya seli shina kwa ajili ya diski. Ukifikiria si ajabu: ni kama kupeleka vibarua wapya kwenye nyumba isiyo na chakula. Na zikidungwa ovyo zinaumiza. Mwaka 2017 madaktari waliripoti habari za wanawake watatu wa Florida waliodungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe, wakaharibikiwa macho. Walikuwa wamelipia.

Sasa tuje kwetu. Lile tangazo lina nini ndani? Halisemi wangapi walidungwa na wangapi hawakupona. Lina mzee anayetembea, mama anayecheka, kijana anayesema nilikuwa wa kitandani sasa nacheza mpira. Ni ushuhuda! Sisi Wapentekoste tumelelewa na lugha hiyo, na ndiyo maana inatuingia haraka kuliko inavyowaingia wengine.

Lakini mtu akisimama kanisani kushuhudia, anamshukuru Mungu kwa lililotendeka. Haweki mkataba kwamba jirani yake akitoa kiasi fulani atapata hilohilo. Mama aliyepona akisimama hatuwahesabu ambao hawakupona, kwa sababu hakuna anayeuza kitu. Siku kitu kinapouzwa, wale wasiopona nao lazima waitwe mbele.

Na mgongo ni mahali ambapo ushuhuda unaweza kupotosha bila mtu yeyote kusema uongo. Maumivu ya mgongo hupanda na kushuka. Mtu hukimbilia tiba siku yamepanda kabisa, na mara nyingi kinachofuata ni kushuka, tiba iwepo isiwepo. Hata ute uliojitokeza mara nyingi hupungua wenyewe baada ya miezi. Kisha kuna picha. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote: diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Maana yake wazee wetu wengi wanaoruka kwenye sifa wana diski zilizochakaa na hawana habari. Kwa hiyo mtu anaweza kudungwa, akapata nafuu, akashuhudia kwa moyo safi kabisa, na bado si sindano iliyompa nafuu.

Wenye umri watakumbuka Loliondo, mwaka 2011. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, pale Samunge kaskazini mwa Tanzania, alisema Mungu amemwonyesha mti wa dawa, akawa anagawa kikombe kwa shilingi 500 za Tanzania. Bei hiyo hakuna anayeweza kuiita wizi, na mimi simhukumu mzee yule. Lakini magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, mengine kutoka huku kwetu Kenya. Wapo wagonjwa waliotolewa hospitalini wakafia njiani, na wapo walioacha dawa za UKIMWI. Kilichowavuta ni ushuhuda. Habari za waliokufa hazikusafiri kwa mbio ileile.

Turudi kwenye Neno. Yule mama wa Luka 13 alikuwa amepinda miaka 18. Yesu alimwita mwenyewe, hakumtoza, na akanyooka katikati ya sinagogi, mbele ya watu. Uponyaji wa kweli hauogopi watu kuukagua.

Halafu kuna Gehazi. Namani alikuja na talanta kumi za fedha, na dhahabu, na mavazi, na Elisha hakuchukua chochote. Gehazi akalikimbilia gari lake, akatunga kisa cha vijana wawili wahitaji, akaondoka na talanta mbili na mavazi. Mara nyingi tunahubiri tamaa yake tu. Lakini angalia, wapendwa: uponyaji wenyewe ulikuwa wa kweli! Gehazi alikula kwa jina la kazi ambayo si yeye aliyeifanya. Kliniki inayotaja watoto waliopona damu ili iuze sindano ya mgongo inafanya jambo hilohilo. Inaazima heshima ya tiba moja kulipisha nyingine.

Najua jibu la wengi. Yeye ndiye anayekesha kwa maumivu, wewe unayeandika umelala. Una haki gani ya kumnyang'anya mtu tumaini? Neno hilo ni zito na silipuuzi. Shamba ni lake. Akiamua kuuza baada ya kujua haya yote, ni mtu mzima, na akirudi bila nafuu asikute mtu wa kumwambia tulikuambia. Harambee ni kitu kingine. Mama anayeuza vitumbua anapotoa shilingi 50, hakusoma tangazo. Anatoa kwa sababu wazee wamesimama mbele, na anaamini wameangalia. Tukisimama pale, tunasema tumeangalia na ni kweli. Hilo hatuwezi kulisema juu ya sindano hii. Tena, katika jaribio la haki, kwa kawaida mgonjwa hatozwi bei ya dawa inayojaribiwa. Anayekudunga kitu ambacho hakijathibitishwa kisha akakutoza bei kamili amekuhesabu mteja.

Basi aambiwe uso kwa uso, na watu wawili wanaompenda, si kwenye grupu. Na tumwekee mikono tukiamini, bila kumwambia kwamba asipopona imani yake ni ndogo. Paulo alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, na hakumkemea.

Wakati huohuo aendelee na kitengo cha mazoezi ya viungo pale hospitali ya rufaa ya Msambweni, hata kama mazoezi yanachosha na hayana tangazo zuri. Na hili ni kwa kila mwenye mgongo: ukiona mkojo hauzuiliki au haupiti, sehemu ya kukalia imekufa ganzi, ama miguu inaishiwa nguvu ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kesha liishe. Tutakuombea ukiwa kwenye gari.

Maoni yangu kwa kamati ni kwamba harambee ifanyike bado, ila ibadilishwe jina. Ichangie nauli zake za hospitali, karo ya watoto kwa mihula miwili, na mtaji wa kazi ya kukaa, kwa sababu hata mgongo ukipoa, timboni asirudi. Aliye na cherehani isiyotumika, ama anayejua kutengeneza simu na yuko tayari kumfundisha, amwone mzee wa kanisa kabla ya Jumapili.