Shaka Iwe ya Nani?

Katika mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa Waafrika waliokuwa askari wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Inasimuliwa katika vitabu vya historia kwamba wazee wapatao 350 walikusanyika Mwanza. Wachache walikuwa na hati walizopewa zamani na jenerali wao, Paul von Lettow-Vorbeck; wengine walileta vipande vya sare kuukuu; wengi hawakuwa na kitu. Mtu wa benki aliyeleta fedha akapata shauri. Kila mzee alipewa ufagio, akaamrishwa kwa Kijerumani aushike kama bunduki na kufuata amri za gwaride. Yasemekana hapana hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki hupendwa, na kinastahili. Karatasi zilikuwa zimeliwa na mchwa, lakini mikono ilikumbuka. Hata hivyo, kila nikisikiapo huwafikiria watu ambao mtihani ule usingewafaa. Askari aliyekatwa mkono vitani angeushikaje ufagio? Yaani yule aliyeumia zaidi ndiye ambaye angeshindwa kuthibitisha kwamba aliumia. Na mpagazi je? Vita vile, katika nchi zetu, vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu: unga, risasi, mahema, hata vipande vya mizinga. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi na si kwa risasi. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam ni ukumbusho wa kikosi cha wapagazi wa upande wa Waingereza. Mpagazi hakufundishwa gwaride la bunduki. Angalisimama mbele ya mtihani kama ule, ufagio ungalimfanya mwongo.

Hapa ndipo lilipo swali ninalotaka wanafunzi wetu walitafakari. Mtu amerudi kutoka jeshini na kilema, anadai pensheni. Hana ushahidi kamili. Mwenye kuamua naye hana hakika ya kumkana. Shaka iliyobaki katikati yao iwe ya nani?

Desturi ya mahakama nyingi ni kwamba anayedai ndiye athibitishe. Majirani wawili wakigombea mpaka wa shamba, na mizani ikalala sawasawa, aliyeleta madai hushindwa. Desturi hiyo ni ya haki baina ya watu walio sawa. Lakini askari na serikali yake si majirani wa mpaka mmoja. Serikali ndiyo iliyomwandikisha. Daktari wake ndiye aliyempima na kusema ni mzima. Ofisa wake ndiye aliyechagua alale bondeni penye mbu au mlimani penye baridi. Na yote hayo yaliandikwa katika jalada ambalo askari mwenyewe hakupewa kulitunza. Kumwambia baadaye alete ushahidi ni kumtaka mgeni atoe ufunguo wa nyumba iliyofungwa na mwenyeji.

Waingereza walilitambua jambo hili katikati ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1943 kanuni zao za pensheni zilibadilishwa: mdai hakutwishwa tena mzigo wa kuthibitisha, na shaka yoyote ya maana ikawa yake. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya mabaraza ya kusikiliza rufaa za waliokataliwa na Waziri. Kutoka mabaraza hayo, rufaa juu ya tafsiri ya sheria zilikwenda kwa jaji, na kati ya 1945 na 1948 jaji huyo alikuwa Alfred Denning, ambaye baadaye alisifika sana katika nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza.

Mwaka 1947 lilimfikia shauri la Miller dhidi ya Waziri wa Pensheni. Askari alikuwa amefariki kwa saratani ya umio, na mjane wake alidai kwamba utumishi wa jeshi ulihusika na ugonjwa huo. Denning aliupima uzito wa neno shaka. Alieleza kwamba kuthibitisha pasipo shaka ya maana si kuthibitisha pasipo hata kivuli cha shaka. Jambo linaloweza tu kuwaziwa, bila dalili yoyote ya kuwa kweli, halitoshi kuigeuza hukumu. Kisha akamkatalia mjane rufaa yake. Hukumu hiyo ilisafiri mbali: mpaka leo mahakama za Kenya na Tanzania huitaja zinapopima ushahidi, hata katika mashauri ya wizi na mauaji ambayo hayana uhusiano wowote na vita. Ni vijana wachache wa sheria wanaokumbuka kwamba nyuma yake yupo mwanamke aliyedai pensheni ya mumewe.

Wamarekani nao walianzisha baraza lao la rufaa za askari wastaafu mwaka 1933, na mwaka 1988 wakaunda mahakama ya kuyakagua maamuzi yake. Sheria yao husema kwamba ushahidi wa kukubali na wa kukataa ukikaribia kulingana, mdai ndiye apewe. Lakini tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika ghala la kumbukumbu karibu na St. Louis, ukateketeza majalada ya kijeshi kati ya milioni 16 na 18. Kwa wanajeshi wa nchi kavu waliotoka jeshini kati ya 1912 na 1960, yapata asilimia 80 ya majalada yalipotea. Majaji wakaagiza kwamba pale kumbukumbu zilipopotelea mikononi mwa serikali, baraza liwe makini zaidi kueleza sababu za uamuzi wake na kuifikiria ile shaka. Wazee wakaanza kuleta barua walizowaandikia mama zao, na maneno ya wenzao waliokuwa nao. Moto peke yake haukumshindia mtu kesi, wala sioni kwamba ungepaswa.

Mimi nimetumika ofisi za umma miaka mingi, nami najua kwamba jalada halihitaji moto ili lipotee. Huandikwa limetoka masjala. Limekwenda meza ya nani, hapana aandikaye. Na anayeulizwa baadaye si karani aliyelitoa, ni mzee aliyekaa kwenye benchi tangu asubuhi.

Nitaambiwa kwamba fedha ya umma si ya kugawiwa kwa shaka, na kwamba waongo wapo. Wapo kweli, na anachopewa mwongo hutoka katika sahani ya mwingine. Ndiyo maana naikubali hukumu ya Miller, ingawa hainipendezi: shaka ya kubuni haimstahilishi mtu malipo. Lakini makosa mawili haya hayana uzito mmoja. Ukimlipa asiyestahili, hasara huandikwa daftarini, na mkaguzi ataiona. Ukimnyima anayestahili, daftari litaonyesha kwamba umeokoa fedha. Kosa la pili huvaa nguo ya uangalifu, na mtumishi anayelitenda anaweza kupandishwa cheo kwa sababu yake. Haki ikiachwa iamuliwe na woga wa mkaguzi, itaelekea upande mmoja kila siku.

Mjane wa Miller alishindwa. Hata hivyo alisikilizwa, mzigo wa kuthibitisha haukuwa wake, na sababu za kukataliwa kwake ziliandikwa na kuchapishwa, hata mimi naweza kuzisoma na kubishana nazo. Namfikiria mwanamke mwingine, wa upande huu wa bahari, aliyemngoja mpagazi ambaye jina lake liliandikwa visivyo au halikuandikwa kabisa. Huyo hakuwa hata na uamuzi wa kuukatia rufaa.